Wasichana 23 hawakuja shule siku ya chanjo ya HPV. Timu inarudi wiki ijayo, nizungumze vipi na wazazi?

mwl_wa_ziwani

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wauguzi na kwa wazazi waliolipitia jambo hili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Nafundisha sayansi, na ndiye mwalimu wa afya wa shule: dawa za minyoo, vyoo, maji ya kunawa na chanjo.

Kama mnavyojua, Aprili hii ya 2024 chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, imebadilika. Tangu 2018 ilikuwa ya wasichana wa miaka 14, sindano mbili, ya pili baada ya miezi sita. Sasa ni sindano moja, kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Orodha yangu ya miaka yote haikuzidi majina kumi na tano. Safari hii ilifika 96. Niliiandika kwa mkono kutoka kwenye rejista, nikahakiki tarehe za kuzaliwa moja moja. Jumanne saa tatu asubuhi timu ya zahanati ikafika kwa bodaboda na sanduku lao la baridi, matope hadi magotini kwa mvua hizi. Nikaita majina. Wakaitika 73.

23 hawakuwapo. Hakuna aliyekataa mbele yangu, hawakuja shule kabisa. Siku ya kawaida, hata ya mvua, katika kundi hilo hawakosi zaidi ya wanane.

Jioni nikapita majumbani. Nyumba ya kwanza mama alinipa kigoda na maji ya kunywa, akasema mtoto anaumwa tumbo. Mtoto nilimsikia nyuma ya nyumba anatwanga. Sikumwumbua. Nyumba ya pili baba akaniuliza, mwaka jana mlisema mbili, leo mnasema moja, kesho mtasema ngapi? Ya tatu, mama hakuwa na habari yoyote ya chanjo. Binti alikuwa mwaloni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, anageuza dagaa kwa sababu siku hiyo jua lilitoka. "Ungeniambia, mwalimu, angekuja."

Nyumba ya nne ni ya bibi anayelea wajukuu wawili. Aliniuliza wazi: "Sindano hii inafunga kizazi au haifungi?" Nikasema haifungi. Akasema: "Ukisema wewe nakuamini. Lakini wewe umeambiwa na nani?"

Nimelala na swali hilo siku mbili.

Niseme pia kwa nini jambo hili halinitoki. Dada yangu ninayemfuata kuzaliwa alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 44. Alianza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, akanyamaza karibu mwaka mzima. Tulipomfikisha Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ilikuwa imekwisha kufika kwenye kibofu. Akapigwa mionzi, akapata nafuu, ikarudi. Mwishoni alikataa kukaa na watu kwa sababu ya harufu, yeye aliyekuwa akiongoza kwaya. Nilikuwa nafua kanga zake usiku ili wanawe wasione. Yule mama aliyesema mtoto anaumwa tumbo alikuwa rafiki yake wa kanisani, alimzika, lakini hajui hasa aliugua nini, maana nyumbani tulisema "tumbo".

Nina siku sita kabla timu haijarudi. Nianzie wapi?

mama_wawili_mza

Pole sana kwa dada, mwalimu.

Mimi ni mmoja wa waliochomwa zamani. Mwaka 2010 nilikuwa darasa la sita hapa Mwanza mjini. Watafiti waliingia kwenye shule za msingi 134 za Mwanza. Shule nyingine walichanja darasa la sita zima, nyingine walichagua kwa umri. Yetu ilikuwa ya darasa zima, na wakati ule zilikuwa sindano tatu. Maneno yalikuwa haya haya ya kizazi, na baba alikuwa wa kwanza kuyasema. Mama ndiye aliyemjibu kwamba shangazi yetu amekufa kwa ugonjwa huo, basi wewe tuambie utakachompa mtoto badala yake. Baba akatia saini.

Leo nina miaka 26 na watoto wawili, mkubwa yupo darasa la awali. Niliokaa nao dawati moja wote wamezaa, mmoja ana mapacha. Mwambie bibi kwamba tupo. Akitaka kuona kwa macho nitakuja, na kama ni ng'ambo ya Busisi nauli najilipia.

baba_mabinti3

Naomba nieleweke, mimi si mpinga chanjo. Wanangu watatu wamechanjwa surua, polio, zote, kadi ninazo. Lakini huyo baba wa nyumba ya pili anasema kweli. Mwanangu wa kwanza 2021 alichomwa mbili. Wa pili sasa anaambiwa moja inatosha. Je, yule wa kwanza alipewa dawa ya bure ambayo hakuihitaji, au huyu wa pili anapunjwa kwa sababu dozi zimepungua? Na kwa nini wasichana tu? Na kwa nini mtoto wa miaka tisa ambaye hajui lolote? Mtaalamu akinijibu haya matatu bila kunigombeza, nampeleka Jumatatu.

nesi_wa_zahanati

Mwalimu, kabla sijasema lolote: wasichana waliambiwaje, na nani, na lini?

mwl_wa_ziwani

Ijumaa mchana, mstarini, kabla ya kutawanyika. Nilipewa dakika tano. Nikasema Jumanne wataalamu watatoa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, nendeni mkawaambie wazazi.

nesi_wa_zahanati

Basi nusu ya tatizo lako ipo hapo, nami nakuambia kwa upendo kwa sababu nimelifanya kosa hilo miaka mitatu mfululizo.

Mtoto wa darasa la nne hawezi kusimama mbele ya baba yake akatamka "mlango wa kizazi". Hana kinywa cha kulisema. Atafika nyumbani aseme, "Jumanne tunachomwa sindano ya wasichana." Ya wasichana, wavulana hawamo. Ya bure. Shuleni, mzazi hayupo. Mzazi yeyote mwenye akili timamu atajaza mwenyewe kilichobaki, na atakijaza kwa lile analoliogopa zaidi. Neno moja tu alilolikumbuka mtoto ni "kizazi". Umeona uvumi ulikotoka? Safari hii wala haukutoka mtandaoni.

Baba wa mabinti, maswali yako ni mazuri, na huo wasiwasi wa dozi nausikia kila wiki. Mwanao wa kwanza hakupoteza kitu na wa pili hapunjwi. Chanjo hii ilianza duniani 2006 kwa sindano tatu, kwa tahadhari. Kisha watafiti wakarudi kuuliza, je, mbili zinatosha? Je, moja? Mojawapo ya tafiti kubwa za swali hilo ilifanyika hapa hapa Mwanza, na watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wenzao, kuanzia 2017: wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine wakapewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu, damu zao zikafuatiliwa kwa miaka. Waliopata moja kingamwili zao, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi, zilikuwa chini kuliko za wenzao, lakini karibu wote walikuwa nazo na zilibaki. Kwa ushahidi huo pamoja na wa kwingine, Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likasema nchi zinaweza kutumia dozi moja. Kwa hiyo ukimwambia jirani yako kwamba sindano moja imethibitishwa na mabinti wa Mwanza wenyewe, unasema kweli tupu.

Umri. Kirusi hiki hupatikana kwa kujamiiana, na karibu kila mtu anayeanza maisha hayo hukutana nacho. Wengi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachogoma kutoka, kikikaa miaka 15 hadi 20, ndicho kinacholeta saratani. Chanjo haikitoi kirusi kilichokwisha kuingia, inakifungia mlango kabla. Mimi huwaambia wazazi: mwanao hajaanza mambo hayo, na ndiyo sababu yenyewe tunamchanja leo.

Wavulana: Australia wanachanja wavulana tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Sisi dozi zilizopo tunaanza na mwenye mlango wa kizazi, kwa sababu ndiye anayekufa. Na kwa wanaosema ni mpango wa kuwapunguza Waafrika: Uingereza walianza kuwachanja mabinti wao 2008, miaka kumi kabla yetu. Januari 2024 huko Scotland walitoa taarifa kwamba kati ya wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 hawajapata hata mmoja mwenye saratani hiyo iliyokwisha kupenya ndani ya nyama. Hata mmoja. Niliposoma nilikaa chini. Rwanda nao wanachanja nchi nzima tangu 2011.

Bibi akiuliza kuna nini ndani ya kichupa: hakuna kirusi, hai wala kilichokufa. Ni maganda ya nje ya kirusi yaliyotengenezwa kiwandani, ndani matupu, kama ganda la yai lisilo na kiini. Mwili unajifunza sura ya ganda ili siku mwenyewe akija umtambue. Halina homoni. Linachomwa kwenye msuli wa mkono, karibu na bega. Mkono utauma siku moja au mbili, wengine homa kidogo au kichwa. Semeni hayo mapema, msiyafiche, maana mtoto akiamka na homa ambayo mzazi hakutajiwa, imani yote imekwisha.

Jambo la kuzirai sasa, na hili naomba ulishike. Mwaka wa kwanza, 2018, katika shule moja tuliwapanga wasichana juani saa nne na nusu, hawajanywa hata uji, kila mmoja anamwona mwenzake akichomwa. Wanne wakaanguka. Hawakuwa na kitu, walilala kivulini dakika kumi wakainuka, lakini kufika jioni kijiji cha pili walikuwa "wamekufa wawili". Mwaka ule hatukumchanja mtu tena pale. Kwa hiyo: uji kwanza. Wakae chini kivulini. Achomwe ndani ya darasa, mmoja mmoja, akiwa amekaa, kisha abaki amekaa dakika 15 kabla ya kuondoka.

Halafu fanya hivi. Usiite mkutano. Kwenye mkutano wa hadhara mwanamume mmoja akisimama akasema kizazi, umeshindwa. Nenda nyumba kwa nyumba ukiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, anza na bibi, kwa sababu bibi akikubali nyumba nyingine tano zitafuata. Umesema ameuliza nani amekuambia. Mjibu. Mwambie kuhusu dada yako, kwa jina la ugonjwa.

Mwisho, jambo la faragha: msichana anayeishi na VVU sindano moja haimtoshi. Ushauri ni angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Usiulize mtu shuleni. Waambie wazazi wote kwa jumla kwamba mwenye mtoto anayetumia dawa za kila siku apite zahanati azungumze nasi.

nyar_kisumo

Salamu kutoka Kisumu. Nimesoma yote, na nimeona niseme kwa sababu nilikuwa ndani ya utafiti mwingine wa dozi moja, huku kwetu. Tulikuwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Kisumu, Thika na Nairobi. Nilikuwa na miaka 18. Ilitubidi tuelezwe mara mbili, tatu, na tuulizwe tumeelewa nini kabla ya kuweka sahihi. Wengine walipewa ya HPV na wengine ya homa ya uti wa mgongo, na hukujua uko upande gani. Baada ya miezi 18 ikaonekana dozi moja inazuia asilimia 97.5 ya maambukizi yanayodumu ya kirusi cha aina ya 16 na 18, zile mbili zinazoleta takribani asilimia 70 ya saratani hii. Matokeo yalitoka 2022. Mimi nikagundua nilikuwa upande wa uti wa mgongo, na wa upande wetu tukapewa ya HPV baadaye, hatukuachwa.

Nataka kuongeza moja. Kenya chanjo ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, dozi mbili. Machi 2020 shule zikafungwa kwa corona, na wengi hawakurudi kwa ya pili. Binamu yangu ni mmoja wao. Kwa hivyo huyo baba anayesikitikia kuondolewa kwa ya pili aone upande huu pia: sindano moja ukishaipata hakuna anayeweza kukukosesha nyingine.

baba_mabinti3

Nesi, asante. Umenijibu yote na hukunigombeza. Jumatatu nampeleka mwenyewe, nitakaa naye hizo dakika 15.

mwl_wa_ziwani

Wadau, narudi na taarifa. Timu ilikuja jana.

Nilifuata ushauri. Mkutano sikuita. Nilianza kwa bibi Alhamisi jioni, nikiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye bahati nzuri ni mkwe wa ndugu yake. Nikamwambia, bibi, uliniuliza nimeambiwa na nani. Nimeambiwa na dada yangu. Nikamweleza yote: damu, kibofu, harufu, kanga nilizofua usiku. Sijawahi kuyasema hayo kwa mtu wa kijiji hiki kwa miaka saba. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema na dada yake yeye alikufa hivyo hivyo, na kwamba wao waliambiwa amelogwa na mke mwenza, na yule mke mwenza alifukuzwa na watoto wake usiku. Akalia. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Halafu akauliza kama yeye mwenyewe amechelewa. Mhudumu akamwambia chanjo ni ya mabinti, lakini binti zake wakubwa waende zahanati wapimwe: wanapakwa siki kwenye mlango wa kizazi, kama pana mabadiliko panageuka weupe, na majibu ni palepale. Kesho yake wajukuu wote wawili waliingia kwenye orodha yangu upya.

Yule mama wa "tumbo" nilimwambia dada alikufa kwa nini. Aliniuliza kwa nini hatukumwambia wakati ule, angekuja kumwosha. Sikuwa na jibu. Binti yake alikuwa wa kwanza kufika jana, amevaa sweta, nikamwambia alivue maana mkono unatakiwa.

Walimu wenzangu walichanga unga na sukari, tukapika uji. Tulitumia darasa la tatu, pazia la kanga mlangoni. Hakuna aliyezirai. Wazazi tisa walikuja kukaa na watoto wao, na wawili kati yao walikuwa baba.

Hesabu: kati ya 23, wamechanjwa 17. Wawili wamehama na familia kufuata uvuvi, nimepata jina la mwalo wao na nimempigia mwalimu wa afya wa huko. Watatu wazazi wamekataa, na mmoja wa hao ni yule baba wa nyumba ya pili. Nilimpa maelezo ya utafiti wa Mwanza, akasikiliza vizuri, akasema atafikiri. Sikumbana. Mmoja alikuwa na homa kali ya malaria, timu imesema aletwe zahanati akipona.

Na wamechanjwa wanne ambao hawakuwa kwenye orodha yangu kabisa, kwa sababu hawasomi. Yule mama wa mwaloni ndiye aliyewaleta, mabinti wanaoanika dagaa naye, mmoja ana miaka 11 na hajawahi kuandikishwa popote. Orodha inayotoka kwenye rejista ya shule haiwezi kumwona mtoto kama huyo. Huyu nimezungumza na mwalimu mkuu, aje darasani pia.

Nesi, nimebaki na swali. Kuna msichana wa darasa la saba aliyetimiza miaka 15 mwezi Machi. Alisimama mlangoni muda wote wa zoezi. Nimfanyie nini?

nesi_wa_zahanati

Usimrudishe mikono mitupu. Dozi za zoezi hili zimepangiwa miaka 9 hadi 14, lakini kitaalamu chanjo inamfaa hata sasa. Shirika la Afya Duniani linasema miaka 15 hadi 20 dozi moja au mbili. Angalia kwanza kadi yake ya kliniki, mara nyingi tarehe ya rejista siyo ya kweli, imekadiriwa siku ya kuandikishwa. Ukiona tofauti, mpeleke na kadi yake zahanati. Kama kweli ana 15, andika jina lake na la kijiji, mkabidhi mratibu wa chanjo wa wilaya kwa mkono, siyo kwa simu, umwulize kama dozi zitakazobaki zinaweza kumfikia. Na huyo mtoto wa miaka 11 asiye na rejista, mtengenezee kadi leo.